Albamu Sita, Alama Tano

Nilianza kuupa muziki alama nikiwa kidato cha pili, kwenye kurasa za nyuma za daftari la Kemia. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo iliponishinda, lakini tabia hii haikuniacha. Siku hizi orodha iko kwenye simu. Kila albamu ninayoisikiliza mwanzo hadi mwisho inapata namba kati ya sifuri na kumi, na nusu zinaruhusiwa. Kumi sijawahi kumpa mtu. Sifuri nimetoa mbili, na wenyewe bado wako hai, kwa hivyo tuziache.

Kanuni zangu ni tatu. Ya kwanza: alama ni ya albamu, si ya wimbo. Wimbo mmoja mtamu hauokoi nyimbo saba zilizolala. Ya pili: nasikiliza mara tatu kabla ya kuandika chochote. Mara moja nikitembea, mara moja nimekaa kimya na spika za masikioni, na mara moja nikiwa na watu wanaoongea. Hiyo ya tatu ndiyo mtihani wenyewe. Wanamuziki wetu wengi walikuwa wanapiga kwenye baa na kumbi usiku kucha, mbele ya watu wanaokula, wanaocheza na wanaogombana. Muziki wao ulijua kuishi na kelele. Ya tatu: heshima haina alama. Kumpa mzee tisa kwa sababu ni mzee ni sawa na kumpigia makofi kabla hajafungua mdomo.

Sasa, shida ya kanuni hizi inaanza na neno lenyewe, albamu.

Jarida la Rolling Stone la Marekani lilitoa orodha ya albamu 500 bora mwaka 2003, na namba moja ikawa Sgt. Pepper ya Beatles. Mwaka 2020 likapiga kura upya, namba moja ikaenda kwa What's Going On ya Marvin Gaye. Sina ugomvi na Marvin. Mimi mwenyewe nimempa tisa na nusu. Lakini angalia Afrika ilivyoingia kwenye orodha ile ya 2020. Fela yupo na albamu yake kamili. King Sunny Adé yupo, ila kwa mkusanyo wa nyimbo zake za zamani. Afrika Kusini iko na The Indestructible Beat of Soweto, ambayo nayo ni mkusanyo wa wasanii mbalimbali. Kiswahili hakipo.

Ni rahisi kukasirika hapo na kuanza kupiga kelele za ukoloni. Nilipomaliza kukasirika nilijiuliza swali lingine: kama wangetuuliza, tungepeleka nini? Taja albamu, si wimbo. Jaribu sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata. Kichwani mwako zinakuja nyimbo, sivyo? Hata jina tulilouandikia muziki huo, zilizopendwa, ukilitamka Kikima au Kisumu au Kisauni, hakuna anayewaza jalada la santuri. Anawaza nyimbo. Mwisho wa 2024 vijana waliuchukua wimbo Kasongo wa Orchestra Super Mazembe, wakambandika Rais William Ruto jina hilo, na kwa miezi mingi ulikuwa kila mahali: matatu, harusi, simu za watoto wa shule. Ni wimbo wa Kilingala wa miaka ya sabini, mke anamlilia mumewe arudi nyumbani. Wengi waliokuwa wakiucheza hawakuwa wamezaliwa hata bendi ilipokufa, na hakuna hata mmoja niliyemsikia akiuliza uko kwenye albamu gani.

Nikiwa na hilo akilini, hizi hapa alama zangu.

Les Wanyika, Sina Makosa, mwisho wa miaka ya sabini. 6.5

Kabla hujatupa simu, soma tena kanuni ya kwanza.

Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walijitoa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga wakaja kufanya maisha Nairobi. Wakaanzisha yao. Profesa Omari Shabani kwenye gitaa la rithimu, John Ngereza kwenye solo, Tom Malanga kwenye besi. Wimbo uliobeba jina la santuri ni mtu anajitetea. Anachukiwa, anasema hajui kwa nini, na anakumbusha kwamba kila mmoja wao ana ndoa yake nyumbani. Anajitetea kwa upole kiasi kwamba unakaribia kumwamini. Halafu unasikiliza besi ya Malanga, jinsi inavyosema kidogo, inanyamaza mahali ulipodhani itaongea, inarudi. Ni kama rafiki anayesikiliza hadithi yako akiwa ameinamisha kichwa asionekane anacheka. Wimbo huo peke yake ni kumi. Ningekuwa natoa alama kwa nyimbo, makala haya yangeishia hapa.

Lakini santuri nzima? Nyimbo zilizobaki ni nzuri, na zimekaa pale kama abiria wa matatu. Kila mmoja ana safari yake, hakuna anayemjua mwenzake. Ukizipanga upya hakuna kitakachoanguka. Hivyo ndivyo santuri kubwa nyingi za Nairobi zilivyotengenezwa: nyimbo zilizokwisha kupendwa zikiwa kwenye santuri ndogo zinakusanywa, zinapewa jalada moja. Hakuna dhambi hapo. Lakini alama ni ya mpangilio, na mpangilio haupo.

Samba Mapangala na Orchestra Virunga, Virunga Volcano, 1990. 8

Huu nao ni mkusanyo. Rekodi ni za Nairobi, miaka ya mwanzo ya themanini, na Earthworks ya London ndiyo iliyozitoa kwa pamoja baadaye. Mapangala ni Mkongo aliyepitia Uganda kabla ya kufika Nairobi katika miaka ya sabini, na sauti yake ya juu ni ya mtu asiye na haraka hata kidogo.

Kinachoiokoa ni urefu. Nyimbo ni chache na ndefu, na Malako ndio mfano wangu. Nusu ya kwanza unaimbiwa, unaelezwa. Halafu sauti zinasogea pembeni, magitaa yanashika usukani, saksafoni inaingia, na unagundua kwamba yale maneno yote yalikuwa barabara ya kukufikisha hapa. Kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45 wimbo kama huo ulikatwa katikati: upande wa kwanza sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili. Ilibidi mtu ainuke, ageuze santuri, arudishe sindano. Kwenye santuri kubwa daraja halikatiki. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba hata mkusanyo unaweza kuwa albamu, iwapo aliyekusanya alisikiliza. Nimepunguza alama mbili kwa sababu ukimaliza kuisikiliza unajua bendi inaweza nini, lakini hujui inataka kukuambia nini.

Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, Songs for the Poor Man, 1989. 8.5

Dakta Remmy alizaliwa Kivu, akawa Mtanzania wa Dar es Salaam kuliko wengi waliozaliwa hapo, akafariki Desemba 2010. Dar, bendi za wakati wake zilirekodi Radio Tanzania: bendi nzima chumba kimoja, mnapiga pamoja, tepu inazunguka, mkikosea mnaanza upya. Albamu hii ilirekodiwa kwingine kabisa, studio za Real World za Peter Gabriel huko Uingereza, na tofauti unaisikia sekunde ya kwanza. Kila gitaa lina nafasi yake. Ngoma unaweza kuzihesabu.

Nimeisikiliza sana hii nikishuka Tawa siku za soko. Karola, Kipenda Roho, na ile anayouliza asili ya muziki ni wapi: Remmy anaongea zaidi ya anavyoimba, kama mzee wa mtaa ambaye watu humzunguka jioni bila kuitwa. Na hii ni albamu kweli. Kuna mtu mmoja anayekutazama kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, mnyonge anayejua kifo kinakuja na bado ana hamu ya kucheza.

Ila kuna jambo linanikwaruza. Jina la albamu liko kwa Kiingereza na linamtaja maskini. Maskini huyo, wa Sinza au wa Tawa, hakuwa na mashine ya kuchezea CD mwaka 1989. Alimsikia Remmy redioni na kwenye kaseti zilizonakiliwa mpaka sauti ikawa kama iko chini ya maji. Usafi huu wa sauti ulitengenezewa sebule za mbali. Sisemi Remmy alijiuza. Aliimba vilevile, kwa Kiswahili kilekile, na hakumrahisishia mtu. Nasema tu kwamba nikiisikiliza na watu wanaoongea, hii albamu inaomba kimya. Nusu alama imekwenda hapo, na moja nyingine kwa nyimbo mbili za mapenzi ambazo angeziacha na tusingejua.

Professor Jay, Machozi, Jasho na Damu, 2001. 8

Sasa tunaingia kwa watu waliofikiria albamu kabla ya kuingia studio. Jay alitoka Hard Blasters akiwa tayari ana jina, akaingia kwa P-Funk Majani, na hata kichwa cha kazi kilikuwa mpango: vitu vitatu vinavyomtoka mtu maskini, kimoja baada ya kingine. Ilikuwa enzi ya kaseti, na kaseti ni mwalimu mzuri wa mpangilio, kwa sababu kuruka wimbo ilikuwa kazi. Ulikaa ukasikiliza.

Bongo Dar es Salaam inamwonya mgeni kuhusu jiji kama kaka anavyomwonya mdogo wake anayepanda basi. Ndio Mzee inamchora mwanasiasa akitoa ahadi za ajabu, na umati unaitikia kila kitu. Miaka imepita na bado wimbo huo unauma, kwa sababu Jay hakumcheka mwanasiasa tu. Alitucheka na sisi tunaoitikia. Mwaka 2015 yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akakaa hadi 2020, na tangu hapo siwezi kuusikiliza wimbo huo bila kusikia mlango mwingine ukifunguka ndani yake. Wimbo haukubadilika, sisi ndio tuna habari zaidi.

Mbona nane tu? Viitikio. Vingi vimepakwa sukari kuliko mashairi yanavyostahili, na sehemu za mwisho zinarudia hoja ambazo tayari tumeshazielewa.

Ukoo Flani Mau Mau, Kilio Cha Haki, 2004. 9

Hii ndiyo alama ya juu kabisa niliyowahi kuipa kazi ya Afrika Mashariki, na nimeipima mara nyingi nikitafuta sababu ya kuishusha.

Ukoo Flani ilianzia Mombasa. Mau Mau ilikuwa kambi ya Nairobi iliyowazunguka Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora ambao wimbo wao Tafsiri Hii wa 1997 uliwathibitishia watoto wa mitaa kwamba unaweza kuchana kwa Kiswahili na bado ukaogopwa. Kalamashaka wakatoa Ni Wakati mwaka 2001. Miaka mitatu baadaye kikosi kikubwa cha wachanaji wa Eastlands na Mombasa, kwa msaada wa wageni kutoka Uholanzi, kikaingia kurekodi kitu kimoja pamoja.

Hakuna nyota ndani yake. Sauti inaingia, inasema lake, inatoka, na nyingine imeshashika. Wengine ni hodari, wengine wanakimbizana na mdundo, lakini hata huyo anayekimbizwa ungemkosa akitolewa. Mpangilio wake ni wa mkutano, wa watu waliokaa muda mrefu bila kuulizwa maoni na leo kila mtu ana dakika zake. Hapa ndipo kanuni ya kwanza inapojibiwa vizuri zaidi. Sikumbuki wimbo mmoja wa kukuambia uanze nao. Nakumbuka nzima.

Na kuna sababu ya kinyumbani. Dandora ni mtaa uliojengwa miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, halafu ukabebeshwa jalala la jiji zima. Huku Mbooni karibu kila boma lina mtu aliyewahi kupanga chumba Dandora, Kayole au Umoja. Wanaporudi Desemba na mizigo, wanatuletea mkate, unga na hadithi zilizopunguzwa makali. Kilio Cha Haki ni hizo hadithi kabla hazijapunguzwa. Nilipoisikiliza mara ya kwanza nilielewa kwa nini binamu yangu mmoja hanyooshi maelezo akiulizwa anafanya kazi gani.

Moja niliyoiacha ni ya sauti. Kuna mahali midundo ni mikavu mno, na mashairi mazito hivyo yalistahili kitanda kizuri zaidi.

Kwa hivyo hesabu imetoka hivi: vijana waliorekodi wakiwa na hasira wameshika nafasi ya kwanza mbele ya wazee wa magitaa. Rafiki yangu wa Machakos alipoona orodha alinipigia simu. "Wewe, huoni haya? Sina Makosa sita na nusu?" Nikamwambia naona haya, lakini siyo kwa sababu anayodhani.

Haya yangu inatoka kwenye nafasi ya sita, ambayo ilikuwa ya Mkamba.

Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, mikusanyo. Bila alama

Kakai alifariki 1987 akiwa bado kijana. Aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na gitaa lake mpaka leo ndilo nyanya na bibi wa hapa wanalotambua kwa sekunde mbili kwenye Musyi FM. Aliacha wathi mmoja baada ya mwingine, nao ulitoka kwenye santuri ndogo, kwa mtindo ule niliousema: sehemu ya kwanza, geuza, sehemu ya pili. Maneno yanakuja kwanza, taratibu, pamoja na majina ya watu na ya vijiji. Kisha magitaa. Hata Kalambya Sisters na Katelina wao, msichana anayependa pombe na kila mwaka anabeba mimba, wimbo uliovuka mipaka ya Ukambani na kuwachekesha watu wasiojua neno la Kikamba, uliishi kwenye sahani ya aina hiyo.

Sasa nimpe Kakai alama gani? Mkusanyo nilio nao umepangwa na mtu asiyejulikana, nyimbo zimekatwa pale ambapo santuri iligeuzwa, na moja imerudiwa mara mbili kwa majina tofauti. Nikifuata kanuni zangu, hiyo ni nne. Na nne hiyo haimhusu Kakai hata kidogo. Yeye hakutengeneza albamu. Alitengeneza kitu cha dakika chache kila upande, kilichopangwa vizuri kiasi kwamba hata kule kuinuka kwako kugeuza santuri kulikuwa sehemu ya wimbo: unasubiri, unajua magitaa yanakuja, mtu anakuambia harakisha. Kumpima kwa kipimo cha albamu ni kumpima mshonaji wa viatu kwa mita ya kitambaa.

Unaweza kusema basi badilisha kipimo, anza kutoa alama kwa nyimbo. Nimefikiria. Lakini kuna kitu kinachohitajika kabla ya alama, nacho ni jina.

Pale Tawa kuna jamaa anayejaza nyimbo kwenye flash kwa shilingi chache. Waendesha boda ndio wateja wake wakubwa. Folda yake ya Kikamba cha zamani ina mamia ya mbathi, na nyingi zimeandikwa Track 04, Track 11, "kakai 3", "kakai 3 mpya". Mtunzi, bendi, mwaka, mpiga besi: hakuna. Boda zinapanda milima ya Mbooni kila asubuhi zikicheza kazi ya watu walioishi, wakalipwa kidogo, wakafa, na kilichobaki cha jina lao ni namba ya faili. Linganisha na Kenya Special, mkusanyo wa nyimbo 32 ambao Soundway ya Uingereza iliutoa mwaka 2013 kutoka kwa santuri ndogo za miaka ya sabini na themanini. Kitu kikubwa walichofanya, zaidi ya kusafisha sauti, ni kuandika. Nani, bendi gani, wapi. Kazi hiyo haikuhitaji London. Ilihitaji daftari na mtu wa kukaa na wazee mchana mmoja.

Ndiyo maana nafasi ya sita nimeiacha wazi, na sitaki usome hiyo kama adabu. Alama ni mazungumzo kati ya msikilizaji na mtu anayejulikana: umefanya hivi, mimi nimesikia hivi. Sina Makosa inaweza kupata sita na nusu na isiumie, kwa sababu Ngereza, Shabani na Malanga wanajulikana, na kesho mtu ataandika makala ya kuniponda, atawataja tena. Track 04 haiwezi kupondwa wala kusifiwa. Hata tisa ya kwangu ingeanguka hewani.

Kwa hivyo kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyekuwa akinunua santuri River Road, au aliyewahi kucheza usiku mzima mbele ya bendi hizi, muulize leo. Mpigie wimbo kwenye simu, mwache ataje majina, uandike chini hata kama ameyachanganya; mwingine atayanyoosha. Halafu badilisha jina la faili kabla hujamtumia mtu.

Alama zangu, kwa wanaosoma mwisho kwanza:

Kilio Cha Haki, 9
Songs for the Poor Man, 8.5
Virunga Volcano, 8
Machozi, Jasho na Damu, 8
Sina Makosa, 6.5 (wimbo wenyewe, 10)
Kakai Kilonzo: majina kwanza